Vichezeo vya Wazee Wetu na Mafunzo ya Watoto Wadogo

 

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu hapa Mpwapwa, na kazi yangu ni kuwafundisha vijana ambao nao watakwenda kuwafundisha wengine. Kabla ya kupewa kazi hii nalifundisha watoto wadogo kwa miaka kadhaa, wale wa darasa la awali, ambao bado hawajaingia darasa la kwanza. Leo nataka kuzungumza nanyi habari ya vichezeo. Huenda wengine wenu mkacheka na kusema, "Je, mwalimu mzima wa miaka arobaini hana neno la kutuambia ila habari za ng'ombe wa udongo na magari ya mabua?" Naam, hayo ndiyo nitakayosema. Wala sisemi kwa kuwa naulilia utoto wangu, ingawa kweli mtu akiona gari la mabua moyo wake hurudi nyuma kidogo. Nasema kwa sababu vitu hivi vilinifundisha jambo ambalo nalikuwa silijui, na kutolijua kwangu kulikaribia kumdhuru mtoto wa watu.

Sikilizeni basi kisa chenyewe.

Nilipoanza kazi nalipelekwa katika shule moja ya kijiji. Darasa langu lilikuwa na watoto wengi kuliko mikeka, chumba kimoja, ubao mmoja, na chaki. Chuoni nalifundishwa ya kuwa mwalimu wa watoto wadogo sharti awe na vitu vya kuwaonyesha; basi nikafanya bidii. Nikapinda gari la waya, nikafinyanga ng'ombe, nikachonga pia, nikamfanya mwanasesere kwa gunzi la hindi na kumvika kitambaa. Vyote nikavipanga juu ya rafu karibu na dari ili visivunjike, na chini ya kila kimoja nikaandika jina lake kwa wino. Wageni walipokuja walisifu sana rafu ile. Watoto nao walivitazama vitu vile kutoka chini, kama mtu atazamavyo ndege aliye juu ya mbuyu. Mtoto akinyosha mkono, nalimwambia, "Acha, utavunja."

Katika darasa hilo alikuwamo mvulana mmoja wa miaka mitano, ambaye tangu mwezi wa Januari hakusema neno. Kwao walisema Kigogo tu, na Kiswahili changu kilimpita kama upepo upitavyo juu ya mtama. Nikimwonyesha vijiti na kumwuliza ni vingapi, alinitazama tu. Mimi mwenyewe ni Mgogo, lakini nalidhani ya kuwa mtoto akiisha kuingia mlangoni mwa shule, lugha ya mama yake sharti ibaki nje. Basi nikaandika katika daftari langu: "Hajui kuhesabu. Hasemi." Hata mwezi wa Machi ulipofika, nikaazimu kumwita mama yake nimwambie amrudishe nyumbani, akae mwaka mwingine, kwa kuwa hajawa tayari.

Siku moja asubuhi, baada ya mvua ya usiku kucha, watoto walikuwa pembeni mwa uwanja kwenye udongo. Nikatoka kuwafukuza waingie darasani. Nikamkuta mtoto yule amechuchumaa, mbele yake pana zizi la vijiti, na ndani ya zizi wamo ng'ombe wa udongo, wenye nundu na pembe, kila mmoja na umbo lake. Sijui ni nini kilichoniongoza, lakini siku ile nilimwuliza kwa Kigogo: "Ng'ombe wako ni wangapi?"

Hakutaja hesabu. Alitazama zizi, kisha akatazama miguu yangu, akasema, "Mmoja hayupo."

Nikainua mguu. Kumbe nalikuwa nimemkanyaga.

Basi mtoto ambaye miezi mitatu hakusema kitu alianza kusema, wala hakunyamaza upesi. Akanitajia ng'ombe wake mmoja mmoja: huyu mwenye pembe zilizopinda, huyu mweusi, huyu mzee asiyependa kutangulia, huyu mwenye maziwa, na yule aliyekanyagwa alikuwa ndama wa huyu. Wote pamoja walikuwa tisa, na wanane ndio waliosalia. Wafugaji mnaonisikiliza mwajua vema jambo hili. Mchungaji ng'ombe wakirudi jioni, hasimami mlangoni kuwahesabu moja, mbili, tatu. Hutazama tu, na mara hujua nani hayupo. Mtoto yule alikuwa amejifunza hesabu ya kwao. Mimi nalimwandika kuwa hajui kuhesabu, naye alijua kutoa kabla sijamfundisha kujumlisha.

Jioni ile niliufuta mstari ule katika daftari. Kesho yake nikavishusha vitu vyote kutoka rafuni, nikaviweka chini mkekani, mikono ya watoto ilipoweza kuvifikia.

Nilipokuja kusoma zaidi, niliona ya kuwa jambo lililonitokea uwanjani lilikwisha kuwatokea watu wengine katika nchi za mbali. Katika mwaka wa 1837 Mjerumani mmoja, jina lake Friedrich Froebel, alifungua nyumba ya kuwalea na kuwafundisha watoto wadogo katika mji wa Blankenburg, na mwaka wa 1840 akaiita bustani ya watoto. Vitabu havikuwa vifaa vyake vya kwanza. Aliwapa watoto mipira sita ya sufi, kila mmoja na rangi yake, ikifungwa kwa uzi. Kisha akawapa tufe la mti na mchemraba wa mti. Kisha mchemraba uliokatwa vipande vinane vilivyo sawa, ambao mtoto aweza kuubomoa na kuuunga tena. Kutoka kwake zilienea shule za namna ile tunazoziita leo chekechea.

Baadaye, tarehe 6 Januari 1907, daktari mwanamke wa Italia, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Kabla ya hapo alikuwa amewashughulikia watoto ambao watu walisema akili zao hazifai kufundishwa, naye akaona ya kuwa wengi wao hujifunza wakipewa vitu vya kushika. Hata herufi alizikata katika karatasi yenye mparuzo, mtoto akazipitia kwa kidole kabla ya kuziandika kwa kalamu. Niliposoma habari hiyo nalikumbuka daftari langu na maneno niliyoyaandika ndani yake.

Hapa kwetu nako jambo hili limesemwa. Mwezi wa Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alionya ya kuwa shule isimfundishe mtoto kuudharau ujuzi wa wazee wake kwa sababu haukuandikwa kitabuni. Tena Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka wa 2014 iliagiza elimu ya awali iwe ya lazima, na muda wake usipungue mwaka mmoja. Na mtaala wa elimu ya awali uliotolewa na Taasisi ya Elimu Tanzania mwaka wa 2016 uliuhesabu mchezo kuwa njia ya kufundishia, ukawataka walimu watumie vitu vya mazingira yao. Basi amri tunayo. Tusiseme kwamba kinachotuzuia ni kukosa mipira ya sufi ya Ujerumani, maana vitu tulivyo navyo nyuani mwetu vyatosha kuanzia. Natutazame vinne tu.

Cha kwanza ni ng'ombe wa udongo. Udongo mzuri hupatikana penye vijito na kando ya mto Kinyasungwe, na kila kijiji kina mama au bibi ajuaye udongo ufaao na usiofaa. Uchujeni mawe, uloweni, ukandeni mpaka usishike mkononi. Mtoto akifinyanga, vidole vyake vinapata nguvu ile ile atakayoitumia kushika kalamu. Kwa hiyo mwalimu asidhani ya kuwa saa ya udongo imeibwa kutoka katika saa ya kuandika. Ng'ombe wakiisha kufinyangwa, wawekeni kivulini wakauke polepole, kwa maana jua kali litawapasua. Kisha huja maswali. Wapange wakubwa huku na wadogo huku. Nani ana wengi, wewe au mwenzako? Wawili wakienda mtoni, zizini wamebaki wangapi? Mfiche mmoja nyuma yako, uulize: "Nani hayupo?" Mchezo huu mmoja umewafundisha watoto wangu kutoa kuliko mistari yote niliyoichora ubaoni.

Cha pili ni mdako. Akina mama mnaonisikia, najua mmetabasamu. Kwa wasioujua nitaeleza. Huchimbwa kishimo kidogo, upana wake kama sahani, na ndani hutiwa vijiwe, tuseme kumi. Mchezaji hushika kijiwe kingine, hukirusha juu, na kabla hajakidaka huvikokota vijiwe vyote vikatoka kishimoni. Hurusha tena, na kabla hajadaka huvirudisha vyote ila kimoja, ambacho ni chake. Hivyo huendelea mpaka kishimo kiwe kitupu. Katika duru ya pili huacha nje viwili viwili, na katika ya tatu vitatu vitatu. Hapo ndipo penye mafunzo. Vijiwe kumi ukivichukua kimoja kimoja vyaisha sawa. Viwili viwili vyaisha sawa. Lakini vitatu vitatu, mwisho hubaki kimoja ambacho hakina wenziwe. Mtoto hujiuliza mwenyewe, "Kwa nini hiki kimebaki?" Hana haja ya kujua neno la kugawanya, macho yake yamekwisha kuliona jambo lenyewe, na siku atakayofundishwa neno hilo atalipokea kama mgeni anayemfahamu. Kwa mtoto wa miaka mitano kurusha na kudaka ni kazi ngumu. Mwacheni kwanza akokote bila kurusha, kisha arushe kijiwe chini chini, mpaka mkono na jicho vipatane.

Cha tatu ni gari la mabua. Mabua ya mtama huku kwetu hayana bei baada ya mavuno. Ganda la nje huchanwa likawa vijiti, na moyo wa ndani, ulio mwepesi, hukatwa vipande. Vijiti hupenyezwa katika vipande, na gari husimama bila msumari wala gundi. Magurudumu hukatwa katika malapa yaliyochakaa, au hufanywa kwa vifuniko vya chupa. Mtoto akilisukuma gari lake likaenda upande, msilitengeneze ninyi. Mwulizeni, "Kwa nini halinyoki?" Atalipindua, atalitazama, na baada ya muda ataona ya kuwa gurudumu moja ni kubwa kuliko la pili, au si la mviringo barabara. Hapo amejifunza kupima kabla ya kushika rula.

Juu ya magari nina neno jingine. Watu wengi hudhani ya kuwa kichezeo cha zamani ni kitu kilichokwisha, cha kuwekwa katika nyumba ya makumbusho. La hasha. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka wa 1910, ikapita katika wilaya yetu hapo Gulwe, na watoto wa kando ya reli wamefunga makopo matupu kwa kamba wakayaita garimoshi. Mwaka wa 2024 lilipoanza kupita garimoshi la umeme katika reli mpya, naliwaona watoto wakivuta makopo yao kama siku zote. Lakini juu ya makopo walikuwa wamesimamisha vijiti na kutandika uzi kutoka kijiti hadi kijiti. Nikawauliza, "Huu uzi ni wa nini?" Wakanijibu kama watu wanaomhurumia mzee, "Mwalimu, huo ni umeme." Hakuna mtu aliyewafundisha. Walitazama, wakafikiri, wakabuni. Kwa hiyo nasema kichezeo cha mkono ni shule ya uvumbuzi, na shule hiyo haijafungwa.

Cha nne ni simu ya makopo. Toboeni tundu dogo katika kitako cha kila kopo, makopo mawili. Pitisheni uzi mrefu, fungeni fundo kwa ndani. Mtoto mmoja aseme katika kopo lake, mwenziwe aliye mbali aweke lake sikioni. Uzi ukikazwa, sauti husikika. Ukilegea, au mtu akiushika katikati, sauti hufa. Hapana uchawi katika hayo. Sauti hulitikisa kopo, kopo huutikisa uzi, na uzi hulitikisa kopo la pili. Katika kitabu alichokichapa mwaka wa 1665, Mwingereza Robert Hooke aliandika ya kuwa sauti yaweza kupelekwa mbali kwa waya uliokazwa. Na Alexander Graham Bell alipopata hati ya simu yake mwaka wa 1876, ilikuwa zaidi ya miaka 200 baadaye. Basi mtoto wenu akishika kopo lile anashika swali lililowashughulisha watu wenye akili kubwa. Tena simu hii hufundisha kusoma. Mwambieni mmoja atamke "ba" au "da", "pa" au "ta", na mwenziwe aseme alilosikia. Mtoto asiyetofautisha sauti kwa sikio hatazitofautisha kwa jicho katika kitabu. Tena yule mwenye haya, asiyethubutu kusema mbele ya darasa, mara nyingi husema ndani ya kopo, kwa kuwa humo hakuna anayemtazama.

Sasa sharti niseme habari ya mzazi mmoja aliyenijia kwa hasira. Alishika mkononi shati la mwanawe, limejaa tope, akaniambia, "Mwalimu, mimi nimemleta mtoto asome. Kufinyanga hata nyumbani angefinyanga." Wenzangu walimu, msiwacheke wazazi wanaosema hivyo. Mzazi huyo amekosa sabuni ili anunue daftari. Ana haki ya kuuliza. Tena katika neno lake mna kweli. Mwalimu akiwaacha watoto na udongo tangu asubuhi hata adhuhuri, naye akaketi kivulini, hakufundisha. Mtoto nyumbani hucheza, na shuleni hucheza. Tofauti sharti iwe katika jambo ambalo mwalimu anaongeza.

Basi nalimkaribisha mzazi yule aketi, nikamwita mtoto wake. Mtoto akapanga ng'ombe watano. Nikamwambia awachore, akachora watano kwa kijiti mchangani. Kisha nikamwambia aandike kando ya picha alama ya hesabu yao, akaandika 5. Nikamwambia baba, "Tumetoka katika kitu, tukaingia katika picha, tukaingia katika tarakimu. Nikianzia katika tarakimu, mwanao atakariri umbo lake wala hatajua kuwa nyuma yake wapo ng'ombe watano." Yule baba akanyamaza kitambo. Kisha akachukua udongo uliobaki, akamfinyanga fahali mwenye nundu kubwa kuliko wote. Wiki iliyofuata alileta mfuko wa udongo mzuri kuliko ule wa uwanjani.

Baada ya hayo naliwaalika wazee. Bibi mmoja alikuja na kigoda chake, akawaonyesha watoto jinsi ya kukanda. Watoto ambao walikuwa wakinisikiliza mimi kwa shida walimsikiliza yeye bila kusukumana. Aliwaeleza kwa Kigogo, nami nikayarudia maneno yake kwa Kiswahili, na hivyo lugha zile mbili zikakaa katika mkeka mmoja bila ugomvi. Alipokuwa anaondoka aliniambia ya kuwa hajawahi kuingia darasani maishani mwake, naye alidhani shule haina haja na mtu kama yeye. Neno lile lilinichoma. Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Sisi tulikuwa na wachezaji hodari katika kijiji, lakini tulikuwa hatujawafungulia mlango.

Nisije nikaonekana ninasifu kila kilichokuwa cha zamani, nitasema pia yasiyofaa. Manati yameua ndege wengi bure na kupofusha macho ya watoto. Sitaki kuyaona darasani. Tena zamani wavulana walipewa magari na wasichana wanasesere, na aliyevuka mpaka alichekwa. Mimi sikuona sababu. Msichana hodari wa kunyosha magurudumu nimempata, na mvulana aliyembembeleza mwanasesere wa gunzi hakupungukiwa na kitu. Pengine atakuwa baba mwema. Wala tusidanganyane kwamba wazee wetu walifanya vichezeo kwa mikono kwa sababu ya hekima tu. Wengi walifanya kwa kuwa hawakuwa na fedha. Kichezeo cha dukani si adui. Lakini angalieni tofauti: gari la dukani likivunjika, mtoto hulia na kulitupa, gari la mabua likivunjika, mtoto hukaa chini akafikiri. Katika kule kufikiri ndimo mlimo elimu.

Kuna na tahadhari, tena naomba mzishike. Makopo yenye ncha kali yapigwe nyundo ukingoni au yafungwe kitambaa kabla ya kupewa mtoto. Makopo na chupa zilizotiwa dawa ya mimea au ya kuogeshea ng'ombe yasichezewe kamwe, hata yakioshwa. Ganda la bua la mtama hukata kama wembe. Mkubwa ndiye alichane. Watoto wa wafugaji hupenda kufanya ng'ombe kwa matunda ya ndulele. Nayo yana sumu, basi wafundisheni mapema ya kuwa ng'ombe hao hawaliwi, au tumieni udongo badala yake. Na watoto wenye kutia kila kitu mdomoni wasipewe vijiwe vidogo wala mbegu.

Nimekaribia mwisho. Najua mwataka kujua habari ya yule mtoto wa ng'ombe tisa. Sitawaambia ya kuwa alipata kuwa mtu mkubwa, maana hata mimi ninaposikia hadithi za namna hiyo huwa na shaka. Alimaliza mwaka ule pamoja na wenzake, akaingia darasa la kwanza akijua kuandika jina lake na kuhesabu hata ishirini, kwa Kigogo na kwa Kiswahili. Hayo tu. Lakini kama mvua isingalinyesha usiku ule, mimi ningalimrudisha nyumbani na neno la kwamba hawezi, na neno kama hilo mtoto hulibeba muda mrefu. Kila mwaka nawasimulia wanachuo wangu kisa hiki, nami huwaambia: kabla hujaandika ya kuwa mtoto hajui, tazama kwanza miguu yako, usije ukawa unamkanyaga ng'ombe wake.

Basi naomba kila mmoja wenu afanye jambo moja dogo. Wazazi, Jumamosi hii ketini na mtoto, mfanye kichezeo kimoja mlichokifanya zamani. Msimfanyie, fanyeni naye, na kikivunjika msikasirike. Wanafunzi wakubwa, waulizeni babu na bibi zenu walicheza nini, mwaandike jinsi vilivyofanywa, kabla wenye kujua hawajaondoka. Nanyi walimu wenzangu, kama mnayo rafu ya vitu vizuri karibu na dari, vishusheni. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Mtoto wa miaka mitano ndiye udongo huo, na siku zake za kuwa maji si nyingi.